Watu wazima tunalipa ada ya QT, tunafundishwa hewa!

Wakuu, nimevumilia, nimechoka. QT ni ule mtihani ambao sisi tusiopita sekondari tunaufanya kwanza ndipo turuhusiwe kufanya wa kidato cha nne.

Mimi ni mhudumu wa ofisi, elimu yangu darasa la saba. Kazi naijua, hata wageni wanaoajiriwa naambiwa mimi ndiye niwaelekeze. Ila nafasi ya juu ikitangazwa, sifa ya kwanza ni cheti cha kidato cha nne. Serikalini ndiyo usiseme. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa 2017 uliwaondoa watu wa darasa la saba kazini, na 2018 waliorudishwa ni wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Huku binafsi nako wamefuata njia hiyo hiyo. Haya, tumeambiwa tusome, tumekubali kusoma.

Tunasomea wapi sasa? Kituo nilichojiandikisha kilidai ada yote kabla hujakalia dawati. Ratiba imebandikwa ukutani, masomo yote yapo. Mwalimu wa Hisabati hatujawahi kumwona sura. Biolojia anafundisha kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi, anasubiri chuo. Anajaza ubao, anaondoka, sisi tunabaki kunakili tusichokielewa. Halafu vipindi vinaanza saa tisa alasiri! Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, apande daladala, afike saa ngapi? Ukihoji unajibiwa mbona wenzako hawalalamiki. Wenzangu wenyewe ni vijana wanaorudia mtihani, hawana bosi wa kumuomba ruhusa wala mtoto wa kumpikia.

Na hapo sijagusa Kiingereza. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukakaa mtaani miaka mingi, leo tunatakiwa tujibu sayansi na hesabu kwa Kiingereza. Tuna mwenzetu fundi wa kuchomelea. Anakata chuma cha geti nyuzi 45 kwa jicho tu, ukiweka kipimo imekaa. Tulipogawiwa mtihani wa majaribio lilikuja swali la pembe za pembetatu, akalikodolea macho muda mrefu. Tulipotoka nikamweleza swali lilikuwa linataka nini, akanijibu pale pale mlangoni bila hata kalamu. Kwenye karatasi alipata sifuri. Huyo huyo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walishampima wakampa cheti cha ujuzi alioupata mtaani, mpango mzuri sana na naupongeza kwa moyo wote, lakini kila anakopeleka barua bado wanamuuliza kidato cha nne kiko wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii iliwahi kulifanya jambo hili kwa nguvu zote. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. 1973 likatoka agizo la Waziri Mkuu la elimu ya wafanyakazi, watu wasomee hapo hapo kazini. Wazee wetu walijifunza kusoma na kuandika chini ya miembe na viwandani, hakuna aliyewaona ni wanafunzi wa ziada. Leo mwajiri anadai cheti, ila ukimuomba utoke saa moja mapema siku mbili kwa wiki anakutishia barua ya onyo.

Anayefungua kituo na kuchukua hela zetu akaguliwe: walimu wake ni kina nani, wana sifa gani, wanaingia darasani au hawaingii. Vipindi vya watu wazima viwe saa kumi na mbili jioni na Jumamosi. Na mwajiri anayetaka kidato cha nne kwa mtu aliyemtumia miaka yote akiwa darasa la saba, atoe muda wa kusoma.

Jumatatu tunakwenda kundi zima kwa afisa elimu ya watu wazima wa wilaya kudai ada yetu au walimu. Risiti tunazo. Mwenye uzoefu wa kudai ada iliyoliwa namna hii aniambie barua aliiandikaje na nakala alimpelekea nani. Na kama kuna anayejua kituo hapa Dar kinachofundisha usiku kwelikweli, na mwalimu wa Hisabati yupo, akitaje hapa tuhamie.