Vidonge vya mimea vya kuzuia ngozi kuzeeka, vinafanya kazi kweli?

mama_wawili: Jamani wadau naomba msaada, nimefika 43 na mikunjo imeanza pembeni ya macho, sasa naona matangazo ya "kolajeni ya mimea" ya kumeza kila nikishika simu. Kuna aliyetumia akaona kitu?

Fundi Dawa: Dada, mmea hauna kolajeni, ile protini inayofanya ngozi iwe imara. Kolajeni inatoka kwa wanyama, samaki, ng'ombe n.k. Hizo wanazoita za mimea mara nyingi ni vitamini C na amino asidi (vijenzi vya protini), vitu ambavyo mwili unatumia kutengeneza kolajeni yake wenyewe, sasa kama unakula matunda na mboga vizuri vitamini C unayo tayari, kuongeza vidonge juu yake sioni utapata nini cha maana.

kobe_mzee: Na uangalie dozi! Chai ya kijani kunywa tu haina neno ila ile ekstrakti (dondoo kali) yake ya vidonge, miligramu 800 za EGCG (kemikali iliyomo kwenye hiyo chai) kwa siku na kuendelea, inaweza kuchokoza ini. Halafu mvuta sigara asiguse vidonge vya beta-karotini (ile mwili unayoigeuza vitamini A) vya dozi kubwa, utafiti ulionyesha inaongeza saratani ya mapafu.

mama_wawili: Duh sivuti lakini asanteni. Kwa hiyo nifanyeje?

Fundi Dawa: Sanskrini (krimu ya kukinga jua) kila siku mamaa, jua ndo linalokunja ngozi kuliko kitu kingine. Ukitaka kuongeza kitu, kuna retinoli (aina ya vitamini A) ya kupaka usiku, ila kama una mimba iache kabisa.