Zimbabwe 2009: misaada ndiyo iliyoinusuru, au dola ya Marekani?

Dereva Mstaafu: Wakuu, leo nimefukua noti yangu ya dola trilioni 100 za Zimbabwe, ile yenye mawe yaliyobebana na sahihi ya Gono, gavana wa benki kuu yao. 2008 nilikuwa napeleka mzigo Harare. Unaingia dukani, shelfu tupu, imebaki chumvi. Kipindupindu kikaondoka na watu zaidi ya 4,000. Februari 2009 mpinzani Tsvangirai akaapishwa uwaziri mkuu chini ya Mugabe, mwaka haujaisha maduka yamejaa. Mimi nasema ni wafadhili. Watu walikuwa wanakula mahindi ya njano ya msaada kama kuku! Bila mzungu wangekwisha.

Mama Neema: "Kama kuku"? Kaka, kwenu mlikula nini miaka ile ya themanini? Unga wa yanga, wa mahindi hayohayo ya njano, tulikula nchi nzima, mama yangu akipanga foleni duka la kijiji tangu alfajiri. Alikuwa kuku? Futa kauli.

Mnyama Damu: Mimi ni Simba wa Msimbazi na yanga niliula, shida ifiche. Ila ukipoa ule, unaweza kujengea choo.

Mhasibu wa Mtaa: Turudi kwenye mada. Dola ya Marekani iliruhusiwa kutumika madukani badala ya hela yao mwishoni mwa Januari 2009, Tsvangirai hajaapishwa bado. Na hela za wafadhili hazikugusa hazina. Walimwogopa Mugabe, wakapitishia UNICEF na mashirika. Biti alipoingia kuwa waziri wa fedha aliwalipa watumishi dola 100 kila mmoja, mwalimu mkuu sawa na mfagiaji. Sasa hapo mfadhili kamwinua nani?

Dereva Mstaafu: Mama Neema, sijamtukana mama yako. Nimesema mahindi.

Mama Neema: Umesema kuku.

Mwana wa Azimio: Viongozi wa kweli walikwisha. 2002 Mwanawasa wa Zambia aliyakataa mahindi ya msaada ya Mmarekani, yale ya GMO yaliyobadilishwa vinasaba, na njaa imepiga hodi. Huyo ndiye mwanaume.

Nesi Mbishi: Yeye alilala na njaa? Mwanaume wa tumbo la mwenzake huyo. Zimbabwe mwaka huohuo walisema yasagwe kwanza yasije yakapandwa, watu wakala. Akili kichwani. Na hao wa kipindupindu waliopona, chumvi za kurudisha maji mwilini unadhani zilitoka kwa Gono?

Mwana wa Azimio: Dada, wewe umeshalishwa. Vikwazo vya Marekani tangu 2001 mbona huvitaji? Anakukaba koo halafu anakuletea maji ya kunywa, unamshukuru!

Nesi Mbishi: Nimelishwa na mume wangu, wewe endelea kulishwa hotuba.

Mhasibu wa Mtaa: Hakuna aliyenijibu la hazina. Januari 2013 Biti mwenyewe alitangaza akaunti ya serikali imebaki na dola 217. Miaka minne baada ya huo "uokozi". Sioni kuinuka hapo, labda kuegemea.

Mnyama Damu: 217? Mbona hata saluni ya shemeji yangu ina zaidi.

Mama Neema: Bado nasubiri hiyo kauli ifutwe.

Dereva Mstaafu: Haya, nimeifuta. Walikula kama watu.

Mnyama Damu: Mzee, noti hiyo ina mikunjo? Kuna jamaa anazitafuta, wazungu wanazinunua za kutundika ukutani. Analipa kwa dola.