Barabara mpya imepita kwako: ulipolalamika, nani alikujibu? Tupeane uzoefu

Mama wa Bondeni

Wakuu, salaam.

Nyumba yangu iko bondeni, mita kama themanini kutoka barabara ya mkoa. Enzi za vumbi, maji ya mvua yalikuwa yanatambaa upana wote wa shamba hadi mtoni, wala hakuna aliyeyajali. Walipokuja kuweka lami wakainua tuta karibu mita moja na nusu. Maji yote ya upande wa juu yakakusanywa, yakaingizwa kwenye kalavati moja, na mdomo wa kalavati ukatazama chooni kwangu. Sitanii. Mvua ya kwanza ya masika choo kilititia, ya pili ikaondoka na kuku kumi na wanne.

Nikaenda kambini kwa mkandarasi. "Mama, sisi tunajenga tulichochorewa." Mhandisi mshauri akasema mchoro umeidhinishwa na mwenye mradi. Kwa mwenye mradi nikaambiwa malalamiko yaanzie kwa mtendaji wa kata. Mtendaji naye, kijana mstaarabu tu, akanipa kiti na kuniambia barabara ile si ya halmashauri. Nikarudi nyumbani nikakuta maji bado yanapita.

Barabara yenyewe naitaka, msinielewe vibaya. Kabla yake mgonjwa alikuwa anapelekwa hospitali kwa bodaboda, kabanwa katikati kama mshikaki. Ninachotafuta ni huyu wa kujibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ya hapa kwetu Tanzania, inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Mkutano kweli ulifanyika, nilikuwepo, tukanywa soda, tukasaini. Baadaye ndiyo nagundua tulichosaini ni karatasi ya mahudhurio. Nilichosema mimi kuhusu maji hakijaandikwa popote.

Leteni visa vyenu. Semeni mlikwenda wapi, mlibeba nini mkononi, na nini kilisogea. Majina ya kampuni na ofisi tuyaache, wengine bado mambo yao yako mezani.

Vumbi Tupu

Mama pole sana. Kwetu ilikuwa vumbi. Barabara ya mchepuko ilipita mbele ya shule ninayofundisha, matipa ya kifusi asubuhi mpaka jioni. Ubao ukifutwa dakika mbili unakuwa mwekundu. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakohoa kwa zamu kama kwaya.

Tulilalamika kwa mdomo miezi miwili, tukajibiwa "boza linakuja", yaani gari la kumwaga maji. Siku moja dereva wa wapima barabara akaninong'oneza: kumwagia maji si hisani, kumo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, mkandarasi analipwa kwa kazi hiyo. Hapo nikabadilika. Nikachukua daftari la hesabu, nikawa naandika kila siku: tarehe, boza limekuja au halikuja, saa ngapi. Siku arobaini na moja, boza lilikuja mara tisa.

Diwani wetu akaingia nalo kwenye kikao chao cha saiti cha kila mwezi. Sikuwepo, ila nasikia mhandisi mshauri alilipitia ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno. Kesho yake boza asubuhi, boza mchana. Ilidumu wiki tano hivi, kisha likaanza tena kutega. Lakini daftari lilikuwa bado ninalo.

X ya Mzee

Mimi ni wa bomoabomoa. Kwa wasiojua: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa barabara, kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30, ukipimia katikati ya barabara. Hizo mita saba na nusu za nyongeza ndizo zimetenganisha ndugu. Aliyejenga ndani ya 22.5 anapigwa X nyekundu ukutani, anaambiwa aliifuata barabara. Aliyekuwa kwenye nyongeza anapigwa X ya kijani, maana barabara ndiyo iliyomfuata, huyo hulipwa.

Nyumba ya baba ilipigwa nyekundu na ya baba mdogo kijani, na ukuta ni mmoja. Tukaenda na mpimaji wetu wa kukodi, tukapima kutoka katikati ya barabara ILIYOKUWEPO, si ile mpya iliyosogezwa upande wetu. Ikatoka mita 24 na kidogo. X ikabadilishwa rangi mchana kweupe, kijana yuleyule, kopo tofauti.

Kisha tukasubiri. Mnaosubiri kama sisi mjue haya. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi hapo riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe uhai wake ni miaka miwili. Fidia si nyumba na miti tu. Kuna posho ya usumbufu, kuna ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36, kuna ya usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mzee alikuwa anaona aibu kuuliza tani 12 wakati mali yake yote ni vitanda vitatu na kabati. Nikamwambia baba, uliza.

Tuliandika barua yenye swali moja: uthamini wetu uliidhinishwa tarehe ngapi? Basi. Barua tano za kulalamika zilikuwa hazijajibiwa. Hii ya tarehe ilijibiwa, kwa sababu aliyeijibu alijua hesabu itakayofuata.

Nyumbu Mwenye Wakili

Msome kesi ya barabara ya Serengeti. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliizuia serikali ya Tanzania kujenga lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi. Shirika la watetezi wa wanyama kutoka Nairobi ndilo lililofungua kesi. Nyumbu kapata wakili, sisi tunapata soda.

Mama wa Bondeni

😂 Umenichekesha na kuniliza kwa pamoja. Lakini kuna ya watu pia. Wavuvi wa Lamu waliipeleka mahakamani serikali ya Kenya kwa ajili ya bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 za kwao, watu kama 4,600. Moja ya hoja zilizobeba kesi ni kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Nami ndicho nalilia, ile karatasi ya mahudhurio.

Kijiko Mstaafu

Nimekaa saiti miaka 22, upande ule mnaoulalamikia. Nitasema ninayoyajua, mnisamehe nikiwa mrefu.

Mama, hao wanne hawakukudanganya. Kila mmoja kasema kweli nusu. Mkandarasi haruhusiwi kuhamisha kalavati kwa matakwa yake. Mhandisi mshauri anaweza kutoa maelekezo ya mabadiliko, ila yakigusa pesa anahitaji kibali cha mwenye mradi. Mwenye mradi hatoi kibali bila maombi kutoka saiti. Wewe ulizunguka duara zima na hakuna aliyeanzisha karatasi. Malalamiko ya mdomo saiti ni kama upepo. Ukileta barua ukagongewa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba, na kikao cha mwezi unaofuata mtu atalazimika kuieleza mbele ya wenzake.

La pili ni muda. Kazi ikikabidhiwa haijaisha. Kuna kipindi cha uangalizi wa kasoro, mara nyingi mwaka mmoja, na muda huo mkandarasi bado ana pesa yake iliyozuiliwa. Huo ndio msimu wenu. Mkandarasi aliyekuwa hakujui jina atakuita mama mzazi, maana anataka pesa yake. Kikipita, mitambo imehama, kambi imegeuka godauni la alizeti, utamdai nani?

La tatu ni mashimo ya moramu, yanakochimbwa udongo wa kujengea barabara, na hili linanikosesha raha mpaka leo. Mpango wa mazingira unasema shimo lisawazishwe, udongo wa juu urudishwe, maji yasituame. Nimeona mashimo mengi yakiachwa kwa barua ya nusu ukurasa: kijiji kimeomba libaki liwe lambo la ng'ombe. Wakati mwingine kijiji kimeomba kweli. Wakati mwingine mwenyekiti kasaini peke yake. Hakuna uzio, kingo zimesimama wima. Mnaokutana na barua hiyo, ombeni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Sikonge Njia Panda

Mtoto wa jirani yetu alizama kwenye shimo la namna hiyo. Miaka saba. Sina la kuongeza.

Kijiko Mstaafu

Pole sana ndugu yangu.

Sanduku la Kijiji

Mradi wetu ulikuwa wa mkopo wa nje, kwa hiyo kulikuwa na kamati ya malalamiko na sanduku la mbao lenye kufuli. Mwenyekiti wa kamati ndiye mwenye nyumba aliyompangisha mkandarasi. Funguo ya kufuli anayo yeye. Nikaacha hapo mpate picha.

Tulikuwa na ufa kwenye nyumba kumi na moja kwa sababu ya baruti za kresha, mtambo wa kusaga mawe ya barabara. Tukapiga picha kila ufa tukiwa tumeshika rula, tukaandika tarehe kwa chaki ukutani, tukatuma kwa mkopeshaji moja kwa moja. Hao wana dawati lao la kupokea malalamiko ya wananchi, na mikopo yao mingi ina masharti ya mazingira na jamii. Benki ya Dunia ina jopo la ukaguzi tangu 1993. Kabla hata hatujajibiwa rasmi, simu zikaanza kupigwa kijijini kwetu. Nyumba saba zimekarabatiwa. Nne wamesema ufa ni wa zamani, na kwa haki ya Mungu mbili ni wa zamani kweli.

Mama wa Bondeni

Nimerudi na mrejesho. Nilimsikiliza Kijiko, nikaandika barua, nikagonga muhuri nakala yangu. Pia nikatumia ile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Niliomba vitu vitatu tu: mchoro wa kalavati langu, kurasa za tathmini zinazotaja kijiji chetu, na muhtasari wa ule mkutano wa soda.

Leo ni siku ya 26. Barua haijajibiwa. Ila juzi asubuhi wamekuja watu watatu na tepu, wamepima kutoka mdomo wa kalavati hadi chooni, wameandika, wameondoka. Mmoja kaniuliza, "Mama, hili choo lilikuwepo kabla?" Nikampa picha ya harusi ya binti yangu. Choo kinaonekana nyuma ya bibi harusi, na picha ina tarehe.

Mgeni Hapa

Wakuu, mimi swali dogo. X yetu ya kijani ina mwaka wa tano, mvua imeifuta imebaki kama mstari mmoja. Mke wangu anasema tununue rangi tuipake upya wasije wakatusahau. Kuna kosa kisheria?

X ya Mzee

Usiiguse mkuu. Ipige picha leo hiihii, na upande wa pili wa ukuta pia. Kisha andika ile barua ya tarehe.