Mrejesho: zile picha za Forodhani zilizokuwa na ukungu

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini picha zangu za vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Unguja, zinatoka kama zimepakwa moshi, na kama ninunue kamera mpya. Wengi mlinikataza. Ahsanteni, mmeniokolea hela.

Kosa lilikuwa langu. Niliiacha kamera ijiamulie kila kitu, na jua likishuka ikawa inapiga kwa 1/60 ya sekunde, taratibu mno. Kijana aliyeko hewani hakusubiri. Sasa spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) naweka mwenyewe, 1/1000 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiachia ipande hadi 3200. Chengachenga kwenye picha zipo, lakini matone ya maji unayahesabu. Yule aliyesema nisivuke ISO 400, samahani mkuu, hapo sikubaliani nawe.

Lenzi ya 50mm f/1.8 (tundu lake la mwanga ni pana) nimepata ya mtumba. Kwenye Canon yangu yenye sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo inavuta kama 80mm, kwa hiyo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe narudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta. Kwa sura za watu, tamu sana.

Ambalo hamkuniambia ni kuomba ruhusa. Mzee mmoja muuza urojo alinikatalia. Nikanunua bakuli, tukapiga soga, mwisho akasema: "Haya, utapiga, lakini si kwa shati hili. Njoo kesho, mwanangu." Nikarudi. Kanzu imenyooshwa, kofia mpya. Picha hiyo ndiyo nimeisafisha, iko ukutani kwangu.