Ulinganisho: akriliki, rangi ya kopo, mafuta ya tyubu au maji ya ukutani kwa anayejifunza kuchora huku Pwani

MwalimuMagomeni (Bagamoyo)

Wakuu, salaam. Wanaoanza kuchora huniuliza mara kwa mara wanunue rangi gani kwanza, na majibu wanayopata mitaani yanagongana. Nimeona tulilete jambo hili hapa tulinganishe. Mimi nafundisha sekondari; kuchora ni mapenzi yangu ya jioni na Jumapili. Nimejifunza kwa akriliki, na rangi za kopo nimezishika kiasi cha kuzijua. Ninayoandika yanahusu hewa ya kwetu Bagamoyo. Mtu wa Njombe atakutana na mambo mengine kabisa.

Msimamo wangu nauweka mbele: anayejifunza aanze na akriliki. Wengi huisifia kwamba ni nyepesi kujifunza, na hapo siafikiani nao. Sifa yake ni kwamba tabaka la jana halikusumbui leo. Akriliki ni unga wa rangi ndani ya plastiki iliyotawanyika kwenye maji. Maji yakishatoka, chembe za plastiki hushikana zikawa ngozi moja, na ngozi hiyo hailainiki tena kwa maji. Ukipaka juu yake, ya chini haiamki. Jahazi lililokosewa tanga linafunikwa na kuchorwa upya jioni ileile, kwenye kibao kilekile.

Kinachosumbua ni hewa. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, tone dogo la rangi kwenye sahani linaweka ngozi kabla hujamaliza kuchanganya la pili. Masika hewa ikiwa nzito unapata nafasi zaidi. Joto, upepo na ukavu wa hewa hufanya kazi pamoja, na katika hao upepo ndio watu wanaousahau: feni ya dari juu ya meza inakausha rangi kuliko jua la dirishani. Mimi huzima feni na kuchora asubuhi mapema, au baada ya saa 11 jioni.

Dawa yake ni ya jikoni tu. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tandika sponji nyembamba au taulo za karatasi zilizolowa, kisha juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Rangi weka juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapanda kidogo kidogo, na ukifunika usiku, kesho unaikuta rangi bado laini. Kinyunyizio cha maji kiwe karibu. Maji yenyewe usiyamwage ovyo ndani ya rangi: yakizidi, plastiki inakuwa kidogo mno kuushika unga, na juu ya ubao laini rangi inaweza kutoka kwa kusuguliwa. Ukitaka wepesi, tumia midiamu ya akriliki, ambayo ni plastiki ileile bila rangi.

Jambo la pili ni kwamba akriliki ikikauka inakoza. Ikiwa mbichi ile plastiki ina weupe, ikikauka inakuwa wazi kama kioo, weupe unaondoka na rangi inashuka giza. Kwenye anga hutaliona sana. Kwenye kuta za Mji Mkongwe ndipo linapouma, kwa maana kuta zile za matumbawe na chokaa zina kijivu cha aina nyingi kinachokaribiana, na tofauti ndogo inabomoa kivuli chote. Paka kwanza kwenye kipande cha karatasi, subiri kikauke, ndipo uamue.

Kuhusu kununua: acheni seti za tyubu 24 ndogo. Nyingi za bei ya chini zina unga kidogo na vijazio vingi, ukichanganya mbili tu unapata tope. Nunua chache ambazo mgongoni mwa tyubu zina alama ya unga mmoja tu (herufi na namba zinazotaja unga wa rangi uliomo): nyeupe PW6 tyubu kubwa, buluu PB29, njano ya udongo PY42, kahawia PBr7, njano kali moja na nyekundu ya waridi PR122. Kwa hizo sita nachora Bagamoyo yote. Bahari yetu yenyewe haina ile buluu ya kadi za watalii, Ruvu inaingia hapo kaskazini na kuleta udongo wake. PB29 na PY42 kidogo, kisha nyeupe, unapata kijani kile kilichofifia cha maji ya karibu na mikoko. Ni rangi ninayoipenda kuliko zote.

Sasa waliotumia nyingine waseme.

FundiHadibodi (Dar es Salaam)

Mwalimu, umesema vizuri, ila rangi ya kopo umeipita kama gari la mwendokasi. Hii ya mafuta wanayopaka milango na baiskeli ndiyo iliyotulea. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 hakuwa na tyubu wala midiamu. Alikuwa na rangi za kopo na vipande vya hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizobanwa. Alifariki 1972, na kwa miaka hiyo michache aliacha mtindo ambao hadi leo unalisha familia.

Sifa yake sijaiona kwenye akriliki: inajilaza. Ukivuta shingo ya twiga kwa mkono mmoja, mstari hautetemeki wala hauachi mikwaruzo ya brashi, na ikikauka inang'aa yenyewe bila vanishi. Vitone juu ya chui vinasimama vimenona vizuri. Akriliki ya tyubu, usipoilainisha, inaacha njia za manyoya ya brashi.

Ubaya wake nausema pia. Mandhari ya nyuma lazima uyape usiku mzima, ndipo mnyama aje juu. Ndiyo maana sisi hupanga vibao vingi kwa wakati mmoja, kimoja kikikauka unashika kingine. Brashi inataka thina, na thina inataka dirisha wazi. Usifanyie chumbani wanapolala watoto. Na ikizeeka inakuwa ngumu, kwa hiyo hadibodi inaifaa kuliko kitambaa. Siku hizi tunachora kwenye kitambaa kwa sababu mgeni anataka kukunja aweke kwenye begi, lakini kazi ninayotaka idumu naiweka kwenye ubao.

MwalimuMagomeni

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kujilaza nakubali bila ubishi, na kwa mtindo wenu wa umbo safi juu ya rangi moja ya nyuma, rangi ya kopo ndiyo mwenyewe. Ninachokitazama mimi ni mtu anayetaka kujifunza kivuli na mwanga, apake, afunike, apake tena. Kwake usiku mzima wa kusubiri baada ya kila tabaka unakata mawazo. Mistari ya brashi nayo mimi naipenda, inaonyesha mkono ulipita wapi.

KijanaWaKaole

Marahaba wazee, asanteni. Samahani, nisahihisheni: shikamoo nyote. Nina maswali mawili. Kwanza, kitambaa au hadibodi kwa anayeanza? Pili, nataka kumpelekea shangazi yangu Dar picha mbili za akriliki kwa daladala. Nizifunge vipi?

BintiRaskazone (Tanga)

Mdogo wangu, mwalimu atakujibu. Mimi natetea mafuta ya tyubu, ya wachoraji, yaliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Tusiyachanganye na ya kopo ya fundi.

Jioni ukikaa Raskazone ukatazama kisiwa cha Toten, anga inabadilika kutoka njano kwenda waridi bila kuonyesha mpaka. Kwa akriliki mpaka huo unakukimbia, kwani upande mmoja umeshakauka wakati wewe unachanganya wa pili. Mafuta yanakaa mabichi. Unaweza kulala, ukaamka na kuendelea kulainisha palepale. Hayakauki kwa maji kutoka. Yanashika hewa ya oksijeni taratibu, siku kadhaa hadi wiki, kutegemea unga. Rangi za udongo za kahawia hutangulia, nyeupe nyingi hubaki nyuma. Na rangi uliyoipaka mbichi ndiyo utakayoiona ikikauka, haikimbilii gizani.

Lakini siwezi kumshauri anayeanza aingie huku peke yake. Ni ghali, vumbi linanata kwenye picha mbichi, na kuna hatari moja isiyosemwa vya kutosha: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kwa joto letu la Tanga mimi huyatandaza nje moja moja yakauke, au huyaloweka kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Tafadhali, mwenye watoto nyumbani alizingatie hili.

Njia ninayoitumia sasa inawaunganisha ninyi wawili: naanza na akriliki kwa kupanga picha, vivuli na maumbo, ikishakauka vizuri namaliza kwa mafuta juu. Kinyume chake hakifai. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka.

MwalimuMagomeni

Dada, la matambara limenifaa hata mimi, maana jirani yangu seremala hupaka milango kwa mafuta hayohayo. Na anga la jioni nakuachia, hapo mafuta yameshinda.

KijanaWaKaole, tuanze na shangazi. Akriliki hata ikikauka inabaki plastiki, na kwenye joto inalainika kidogo. Picha mbili zikiwekwa uso kwa uso ndani ya daladala la mchana zinaweza kugandana, na kuzibandua ni kuzichana. Kwa hiyo nyuso zitazame nje, au weka kati yake ile karatasi ya kuokea keki, ambayo hainati. Gazeti usilitumie, wino na karatasi vinashika. Kisha boksi gumu pande zote mbili. Na usizifunge kama hazijakaa siku kadhaa tangu umalize, hata kama mkono unahisi zimekauka.

Kwa kitambaa na ubao, mimi hufanya mazoezi kwenye kitambaa cha marekani kilichopigiliwa kwenye fremu, kwa kuwa kinanyonya kidogo na kinapokea brashi vizuri. Fundi atakueleza hadibodi kuliko mimi. Vyote viwili vinataka kupakwa jeso kwanza, ile rangi nyeupe ya msingi inayotangulia picha, tabaka mbili au tatu nyembamba.

SelemalaWaUkuta (Bagamoyo)

Mmenisahau mimi wa rangi ya maji ya ukutani. Nachora kuta za madarasa na vibao vya maduka, na mara nyingi mwenye kazi hana bajeti ya zaidi ya kopo la nyeupe na vichupa vya rangi ya kukolezea. Kwa eneo kubwa hakuna kinachoishinda kwa gharama. Inakauka haraka kama akriliki na brashi inaoshwa kwa maji.

Kwa picha ya kutundika, hata hivyo, siisifii. Imejaa chaki, unga wa rangi ni kidogo, kwa hiyo rangi nzito hupati: nyekundu inakuwa ya waridi, buluu inakuwa ya mbingu ya asubuhi. Zile za bei nafuu ukizipitisha kitambaa kibichi zinaacha alama. Kwa mazoezi ya mkono na kwa michoro mikubwa itumieni bila wasiwasi. Wengine huipaka badala ya jeso. Kwenye ubao inavumilika, kwenye kitambaa inaweza kuchanika kitambaa kikilegea.

MamaWaKanga (Tanga)

Naomba niongeze la wenye nafasi ndogo. Nachora kwenye meza ya chakula, na kila kitu lazima kiondoke kabla ya saa 1 usiku. Akriliki imenifaa kuliko zote kwa hilo. Sharti ni moja: brashi isikauke na rangi. Naiacha imelala kwenye maji kidogo nikibadilisha rangi, kisha naiosha kwa sabuni ya kipande hadi povu liwe jeupe. Haifai isimame kwa manyoya ndani ya kikombe, inapinda. Manyoya ya nailoni yanatosha, ya mnyama waachieni watu wa mafuta. Nguo pia: tone likikauka kwenye kanga ndiyo basi tena, kwa hiyo vaa kuukuu.

KijanaWaKaole

Nimewaelewa, asanteni sana mwalimu, mama, dada na mafundi. Nitanunua zile sita na jeso. Fundi, nielekeze hadibodi basi, kwani kitambaa nitaanza nacho mwezi ujao.

FundiHadibodi

Vizuri kijana. Mwambie muuza mbao akukatie vipande vidogo kutoka kwenye karatasi moja kubwa, itakuja nafuu kuliko kununua vilivyokatwa. Tumia upande laini. Piga msasa mwepesi ili ule mng'ao uondoke, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha kikauke. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wa Pwani wanapoharibikiwa: paka mbele, nyuma na kingo zote nne. Ukipaka mbele tu, unyevu wa bahari unaingia kwa nyuma na ubao unapinda. Nyuma si lazima uweke jeso, hata hiyo rangi ya maji ya mwenzetu wa ukuta inatosha. Vikishakauka visimamishe wima, usivilaze juu ya sakafu ya saruji.

Ukipita Bagamoyo wakati wa Tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa na utamaduni, nenda ukatazame picha za wanafunzi kwa karibu, tena kwa ubavuni dhidi ya mwanga. Iliyong'aa sawasawa kama kioo mara nyingi ni ya kopo au imepakwa vanishi, yenye mistari ya brashi mara nyingi ni akriliki. Muulize mwenyewe aliyechora aliipaka tabaka ngapi. Wengi watakuambia bila kinyongo.