Yule wa "Ibara ya 18" kanifungia kwa swali moja tu!

Wakuu, natetemeka hadi simu inanidondoka. Yule mwanaharakati wa mtandaoni, mnamjua. Yule ambaye kabla hajapiga mswaki kashatusomea Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, kila mtu anao uhuru wa maoni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni kwa wenye blogu, alilia kuliko wenye blogu wenyewe.

Juzi kachangisha pesa za mgonjwa. Nami nilichanga. Jana nikauliza kwa adabu: "Kaka, risiti ya hospitali iko wapi?" Basi! Kachukua picha yangu nikiwa kwenye meza yangu ya biashara, kaibandika, kaandika: "Huyu ndiye mnayenunua sambusa zake?" Halafu kanifungia nisijibu.

Huyu ndiye mnayenunua sambusa zake! Wafuasi wake wakanishukia kama nzige. Mtu yuko Mwanza, mimi nauza Tabata, Dar, anaandika sambusa zangu zilimharisha. Zilimfikiaje, kwa bomba la maji? Leo asubuhi ofisi inayochukua 60 kila siku wananiambia "tupumzike kwanza". Nimeshakaanga zote 60!

Yeye akiulizwa hesabu, eti anazibwa mdomo. Mimi nikiuliza, nakatiwa riziki, na huo eti ndio uhuru wa maoni. Huyu ndiye mnayenunua sambusa zake... usiku kucha sikulala.

Mzee wa Kijiwe: Dada, Ibara ya 18 haimlazimishi akuache ukurasani kwake. Ila kukuharibia biashara, kasome Ibara ya 30: haki yako isivunje ya mwenzio.

Mama Pacha: Mshitaki! Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Kobe Mkavu: Ile ile aliyoipigia kelele mwenyewe? Hahahaa, apelekwe leo!

Sharubu: Nawe kiherehere. Ungemfuata inboksi.

Mleta uzi: Kwani alichangisha inboksi?

Kobe Mkavu: Sharubu kazikwa.

Bi Hisa: Afadhali wewe. Mimi mweka hazina wa kikoba kanitoa kundini kwa kuuliza hisa zangu. Za miaka 3!

Mama Pacha: Mimi nilitolewa kundi la msiba, na mfiwa ni mimi.

Bi Hisa: Eti! Ulihoji nini?

Mama Pacha: Hela ya turubai.

Mzee wa Kijiwe: Turubai ni bei gani siku hizi?

Sharubu: Dada, hizo 60 ni za nyama au dengu?

Mleta uzi: Nyama.

Sharubu: Kinyerezi unaleta?