Tanzia ya Julius Caesar: nguli ni Caesar au Brutus?

Mlezi wa Klabu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia klabu ndogo ya usomaji, na muhula huu tumechukua tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile iliyotoka kwanza mwaka 1963, naye akairekebisha na kuipa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Tumemaliza kitabu na tumegawanyika. Wapo wanaosema kwamba jina la tamthilia ndilo linalomtaja nguli wake, yaani mhusika mkuu, kwa hiyo tanzia hii, mchezo wa anguko na huzuni, ni ya Caesar. Wengine wanauliza itakuwaje nguli auawe mwanzoni mwa sehemu ya tatu, kisha mchezo uendelee bila yeye hadi mwisho wa sehemu ya tano. Nimehesabu mwenyewe nikaona kwamba Caesar, akiwa hai, anatokea katika maonyesho matatu tu, ilhali Brutus, rafiki yake aliyeshiriki kumuua, hatuachi mpaka anapojiangusha juu ya upanga.

Jambo la pili linanisumbua zaidi. Wanafunzi wamezoea kuorodhesha: dhamira ya usaliti, dhamira ya tamaa, dhamira ya uongozi, ukiwauliza dhamira hiyo inaonekana katika tendo lipi, wanarudia neno lile lile. Miongozo niliyoiona inasema kosa la Brutus ni kuwaamini watu kupita kiasi. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa sababu mtu wa kuamini watu kupita kiasi hamchomi rafiki yake kisu. Naomba mnisaidie kulitaja kosa hilo kwa usahihi.

Mzee Kitabu

Mwalimu, ukilipata jibu la swali la pili, la kwanza nalo litajijibu. Rudi bustanini kwa Brutus, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, mwanzoni mwa sehemu ya pili. Watu wengi hulisoma onyesho hilo kana kwamba Brutus anapima hoja ili afikie uamuzi, lakini mara anapobaki peke yake maneno yake ya kwanza ni kwamba Caesar hana budi kufa. Hukumu imetangulia, ushahidi unatafutwa baadaye. Naye, kwa kuwa ni mkweli kwa namna yake, anakiri kwamba hana kisa binafsi na Caesar, na kwamba hajapata kumwona akitawaliwa na hisia kuliko akili. Sasa atamuua kwa kosa gani? Kwa kosa ambalo huenda akalitenda akivikwa taji. Ndipo anapojiambia kwamba, kwa vile jinsi Caesar alivyo sasa haitoshi kuhalalisha ugomvi, hoja na itungwe hivi: tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue angali ndani ya ganda. Waambie wanafunzi wako wapigie mstari mahali hapo. Mtu mwenye akili anajiona mwenyewe akitunga sababu, na bado anaikubali.

Muda mfupi baadaye analetewa barua iliyookotwa dirishani. Sisi watazamaji tunajua kwamba barua za namna hiyo zimepangwa na Cassius, kiongozi wa njama ya kumuua Caesar, kwa miandiko tofauti, ili zionekane zimetoka kwa raia wengi. Barua yenyewe ina pengo. Sentensi imeachwa njiani. Nani anaijaza? Brutus, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi sijaona kinaya kikubwa kuliko hicho katika tamthilia nzima: anadhani anaisikia sauti ya Roma, kumbe ni sauti yake inayomrudia kama mwangwi.

Kwa hiyo kosa lake, kwa maoni yangu, si wema wala wepesi wa kuamini. Ni kuisadiki picha aliyo nayo ya nafsi yake, kiasi cha kudhani kwamba tendo lolote likipita mikononi mwake litakuwa safi. Cassius anapendekeza wale kiapo. Brutus anakataa, eti nia yao njema inatosha. Cassius anataka Antony, rafiki wa Caesar, auawe pamoja naye. Brutus anakataa, kwani anataka wawe watoa kafara, si wachinjaji wa buchani. Saa chache baadaye ni yeye huyo anayewaalika wenzake wachovye mikono katika damu ya Caesar hadi viwikoni na kutoka nayo sokoni. Cassius anaonya kwamba Antony asiruhusiwe kuhutubia mazishini, anapuuzwa. Anashauri jeshi lisiende Philippi, kwenye vita vya mwisho, bali lingoje adui achoke, anapuuzwa tena. Mara zote hizo mjanja ndiye aliyeona sawasawa, na mara zote heshima ya Brutus ndiyo iliyoshinda baraza.

Mngependa kuona sura ya pili ya heshima hiyo, someni ugomvi wa hemani katika sehemu ya nne. Brutus anamlaumu Cassius kwa rushwa, anajisifu kwamba yeye hawezi kuwakamua wakulima senti zao, na papo hapo analalamika kwamba Cassius alimnyima dhahabu ya kulipia askari. Dhahabu hiyo Cassius angeitoa wapi? Brutus haulizi.

Nguli wa tanzia, kama Aristotle alivyoeleza zamani, si mwema kabisa wala mwovu kabisa, bali ni mtu anayeangushwa na kosa lake. Sifa hiyo ni ya Brutus.

Binti wa Pwani

Shikamoo Mzee Kitabu. Uchambuzi wako wa bustanini nimeupokea wote, ila hitimisho siliafiki. Umemsoma Caesar kama mtu, nami nadhani Shakespeare alimjenga kama mtu na jina kwa pamoja.

Mwangalie kama mtu. Ana kifafa, sikio lake la kushoto halisikii, Cassius anasimulia jinsi alivyotaka kuzama mtoni Tiber na jinsi alivyotetemeka kwa homa huko Hispania. Nyumbani, mkewe Calpurnia anapoota sanamu yake ikitoka damu, anakubali kubaki, kisha Decius, mmoja wa wala njama, anaifasiri ndoto hiyo hiyo kuwa heri naye anageuka. Mtu huyu huyu, dakika chache kabla ya kuuawa, anajifananisha na nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake. Tena anapojizungumzia hupenda kujitaja kwa jina, kana kwamba Caesar ni mwingine aliyesimama kando yake na ambaye inampasa kufanana naye. Hata fadhila yake inamuua: Artemidorus, aliyeijua njama, anamsihi aisome kwanza barua inayomhusu yeye mwenyewe, na Caesar anajibu kwamba linalomhusu yeye litasomwa la mwisho.

Sasa liangalie jina. Brutus anapomaliza hotuba yake ya kuwaeleza raia kwa nini amemuua mtu aliyetaka kuwa mfalme, mmoja wao anapaza sauti kwamba Brutus na awe Caesar. Amemuua mtu, na umati unampa kiti cha marehemu kama shukrani! Kuanzia hapo Caesar hapungui jukwaani. Mzuka wake unaingia hemani kwa Brutus. Cassius anakufa akisema kwamba Caesar amelipiziwa kisasi kwa upanga ule ule uliomuua. Brutus anakiri kwamba nguvu za Caesar zingalipo, na maneno yake ya mwisho anamwelekezea yeye, kwamba sasa atulie. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna wepesi fulani hapa, kwa kuwa tulimjua Kaisari katika Biblia kabla ya kumjua kwa Shakespeare, na huko Kaisari ni cheo: mmoja akiondoka, mwingine analipokea jina. Kwa hiyo jina la tamthilia limekaa mahali pake. Brutus ndiye anayeumia, nakubali, lakini kinachotendeka ni cha Caesar.

Mlezi wa Klabu

Nawashukuru nyote wawili, ingawa naona klabu yangu itazidi kugawanyika. Niongeze moja kabla hatujaachana. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Antony ndiye shujaa halisi, rafiki mwaminifu aliyeiokoa Roma kutoka kwa wauaji. Nilitaka kumkata alama, kisha nikasita, kwa kuwa machozi ya Antony juu ya maiti yanaonekana kuwa ya kweli. Nimwambie nini?

Fundi wa Jukwaa

Usimkate alama, Mwalimu. Mrudishe tu kwenye hotuba, na mwambie aisome kwa sauti. Machozi ni ya kweli, nami niliwahi kushiriki mchezo huu jukwaani na naweza kukuhakikishia kwamba mwigizaji asiyelia pale peke yake na maiti hatamudu kinachofuata. Ugumu wa Antony ni kwamba huzuni yake ya kweli anaitumia kama chombo cha kazi.

Katika Kiingereza cha Shakespeare, Brutus anahutubia kwa nathari yenye mizani ya hoja, kama wakili: hakumpenda Caesar kidogo, bali aliipenda Roma zaidi. Antony anakuja na mapigo ya ushairi. Anawaita wauaji watu wenye heshima, analirudia neno hilo mpaka linachacha mdomoni. Halafu analiinua vazi la Caesar na kuonyesha matundu: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa cha Casca, hapa ndipo Brutus alipochoma. Mwulize mwanafunzi wako: Antony alijuaje? Wakati wa mauaji hakuwapo. Trebonius, mmoja wa wala njama, alikuwa amekwisha mvuta nje kwa makusudi. Anabuni mbele ya macho yetu, na umati unaamini kwa sababu unaona nguo na damu. Wosia anautaja mapema, kisha anauficha, anawaacha waulilie, na kuusoma anausoma mwishoni kabisa: drakma 75 kwa kila raia, pamoja na bustani za kando ya Tiber. Wanapokimbia kwenda kuchoma nyumba, anabaki peke yake na kusema kwamba shari sasa imesimama, na ishike njia iitakayo.

Njia iliyoshika ni ya Cinna mshairi. Umati unamkamata kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji; anapojitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wanasema basi auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Watazamaji hucheka hapo, kisha hunyamaza ghafla.

Lakini ushahidi mzito uko mwanzoni mwa sehemu ya nne, katika onyesho la mistari kama hamsini hivi. Antony na washirika wake wapya, Octavius na Lepidus, wameketi na orodha ya watu wa kuuawa. Lepidus anamtoa ndugu yake, Antony anamtia alama mpwa wake bila kupepesa jicho. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete wosia ule ule wa Caesar, kwani wanataka kuona ni mafungu gani yanaweza kupunguzwa. Fedha aliyowaliza nayo raia anaanza kuikata hata kabla hawajaipokea. Vikundi vingi huliruka onyesho hili ili kuokoa muda na kuufikia haraka ugomvi wa hemani. Nyinyi msiliruke.